Mgonjwa haoni kwamba anaumwa: njia nne za kumsaidia mwenye OCD au anayelimbikiza vitu

Ndani ya familia moja utasikia maoni manne. Kaka mkubwa anataka mzee apelekwe Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili ya Uganda, wiki hii hii. Dada anaona aitwe sheikh kwanza. Kitinda mimba, aliyesoma mtandaoni, anaulizia dawa. Mama anasema mwacheni, ndivyo Mungu alivyomuumba. Na mwenyewe anayezungumziwa yuko hapo hapo sebuleni, ameudhika, kwa sababu kwa macho yake hakuna ugonjwa wowote wa kujadiliwa.

Nimeandika kwa ajili ya familia hiyo, iwe Arua, Busia, Kasese au kambi ya askari Kampala. Sitataja njia moja kuwa bora kwa wote, maana inayomfaa binti wa miaka 19 anayenawa mpaka ngozi inachubuka si ile ya babu anayelala kwenye kiti kwa kuwa kitanda kimejaa magunia. Msimamo wangu ni mmoja tu: pale mgonjwa asipoutambua ugonjwa wake, usianze kwa kuuliza njia ipi ina nguvu zaidi. Anza kwa kuuliza ni ipi anayoweza kuikubali leo bila kuona amedhalilishwa.

Kutotambua ugonjwa kuna sura zake

Mwenye OCD (kifupi cha Kiingereza, obsessive-compulsive disorder) hushikwa na mawazo yanayorudi bila kuitwa, kama vile uchafu, dhambi, mlango usiofungwa au kumdhuru mtoto, kisha hulazimika kufanya tendo la kutuliza hofu: kunawa, kurudia, kuhesabu, kuuliza. Mwenye ugonjwa wa kulimbikiza hushindwa kuachana na vitu hata visivyo na thamani, mpaka vyumba vinakosa matumizi yake. Zamani ulimbikizaji ulihesabiwa kuwa tawi la OCD. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa Marekani, DSM-5, uliutenga ukawa ugonjwa unaojitegemea, na kwa yote mawili ukamtaka daktari aandike kiwango cha utambuzi: mzuri au wa kutosha, hafifu, au hakuna kabisa. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyoanza kutumika Januari 2022, nayo inaandika utambuzi kwa magonjwa yote mawili.

Tofauti kati yao ni kubwa. Kwa OCD, wengi wanajua hofu yao imepita kiasi, ila hawawezi kuizuia. DSM-5 inakadiria kwamba wasio na utambuzi kabisa hawazidi 4 kwa kila 100. Kwa ulimbikizaji, mtafiti David Tolin na wenzake waliwauliza jamaa za wagonjwa katika utafiti uliochapishwa 2010, na zaidi ya nusu walisema ndugu yao ana utambuzi hafifu au hana kabisa.

Utambuzi pia hupanda na kushuka. Mwulize mama mwenye hofu ya uchafu saa nne asubuhi, ametulia, ameshakunywa chai. Atakwambia, "Najua mwanangu, mikono imetakata, ni moyo wangu tu." Mwulize tena dakika mbili baada ya kupokea noti ya elfu moja iliyolowa jasho sokoni. Ataapa kwamba ugonjwa umeingia ndani ya nyumba, atasugua shingo ya jerikeni ya maji kwa mchanga na sabuni kabla hajaigusa, na ukimzuia atakuona adui wa watoto wake. Mtu ni yule yule. Kwa hiyo usimpime kwa saa moja mbaya.

Kwa anayelimbikiza, mazungumzo huenda hivi:

"Mzee, hii jerikeni imetoboka."

"Naiona, mwanangu. Tundu linazibwa."

"Lakini baba, ziko nyingi mno, kitanda chenyewe hakionekani."

"Mtu mzima analala popote. Siku maji yakikatika mtanitafuta nyinyi."

Mzee hasemi uongo. Kila kitu kina sababu yake, na sababu moja moja zina mantiki. Kinachomponyoka ni jumla yake. Randy Frost na Tolin wameeleza kwamba kinachoitwa kukosa utambuzi hapa ni mambo matatu yaliyochanganyika: kutoona tatizo kweli, kuamini kupita kiasi thamani ya vitu, na kujihami kwa sababu ya kusongwa. Hili la tatu tunalipika sisi wenyewe kwa kelele zetu. Tolin alionyesha jambo jingine mwaka 2012 kwa picha za ubongo: walimbikizaji walipotakiwa kuamua kama karatasi zao zichanwe au zibaki, sehemu za ubongo zinazopima umuhimu wa jambo zilifanya kazi kupita kiasi, kwa karatasi za mtu mwingine zilipoa kuliko kawaida. Ukimwambia mtu huyo "ni takataka tu hizi", wewe na yeye hamtazami kitu kimoja.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Kutunza magunia, chupa na jerikeni ni akili ya maisha kwetu, na waliopitia uhaba wa sukari, chumvi na sabuni wa miaka ya 1970 wana sababu ya kuweka akiba. Ugonjwa unaonekana pale jiko halipikiki, kitanda hakilaliki, na kukitoa kitu kimoja kunamtesa. Tena, kama mzee ameanza kulimbikiza ghafla uzeeni, akisahau majina na kupotea njia, hilo ni suala la kuchunguza ubongo kwanza. Kwa kawaida ulimbikizaji huanza ujanani na kukua polepole.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa mambo manne, kisha nikasema inamfaa nani. Kwanza, ridhaa: mgonjwa anatakiwa akubali kiasi gani ndipo ianze? Pili, nguvu yake, OCD mbali na ulimbikizaji mbali, maana wengi hukosea hapa. Tatu, upatikanaji na gharama hapa Uganda. Nne, kinachoweza kuharibika, hasa imani kati ya mgonjwa na watu wake, kwa kuwa hiyo ikishavunjika njia nyingine zote zinakuwa ngumu.

Katika kigezo cha kwanza ndipo njia hizi zinapoachana zaidi, kwa hiyo nimezipanga kuanzia ile isiyodai ridhaa yoyote hadi inayodai kubwa, na ile ya kulazimisha nikaiweka mwisho.

Njia ya kwanza: familia ibadilike kabla ya mgonjwa

*Ridhaa.* Haihitajiki. Mgonjwa anaweza kuendelea kusema yuko mzima, na kazi ikaanza.

Karibu kila nyumba yenye OCD imeshaingizwa ndani ya ugonjwa bila kujua. Watoto wanavua viatu na nguo mlangoni. Mume ananunua sabuni maradufu. Binti anajibu swali moja, "Una hakika hukugusa ukuta wa choo?", kila baada ya dakika chache. Tunafanya hivyo kwa huruma, au kwa kutafuta amani ya usiku mmoja, na hofu inanenepa. Barbara Calvocoressi na wenzake waliandika juu ya tabia hii ya familia mwaka 1995, na tangu hapo imeonekana tena na tena kwamba kadiri familia inavyoutumikia ugonjwa, ndivyo unavyokuwa mzito. Eli Lebowitz wa Chuo Kikuu cha Yale aliunda mpango ambao wazazi peke yao ndio wanaohudhuria, mtoto hahudhurii hata kikao kimoja. Ulipojaribiwa kwa watoto wenye matatizo ya hofu, haukuzidiwa na tiba ya kumfundisha mtoto mwenyewe.

Kubadilika hakuna maana ya kukata kila kitu Jumatatu asubuhi. Chagueni jambo moja. Mwambieni mapema, akiwa ametulia, kwa heshima: "Mama, najua unaogopa na mimi nakupenda. Swali la choo nitalijibu mara moja kwa siku. Ukiuliza tena sitajibu, ila nitakaa nawe hapa mpaka moyo utulie." Kisha mkae kweli. Nusu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo inayobeba kazi, na ndiyo familia nyingi huisahau.

Kwa ulimbikizaji lugha hubadilika. Acheni maneno "uchafu" na "takataka". Ulizeni juu ya anachokitaka yeye. "Mzee, wajukuu wakija Idi wangelala wapi?" Halafu nyamaza. Akisema, "Hapo kwenye magunia labda, kama yangesogezwa," ameshasema mwenyewe kile ambacho mmekuwa mkimpigia kelele. Ndiyo mbinu ambayo William Miller na Stephen Rollnick waliijenga kwa watu wasio tayari kubadilika: mtu huamini zaidi sababu aliyoitoa kwa kinywa chake. Na acheni kumkodishia stoo ya pili.

*Nguvu.* Kwa OCD hupunguza mzigo wa nyumba na mara nyingi humfanya mgonjwa aanze kuona gharama ya ugonjwa ambayo wengine walikuwa wakimlipia. Peke yake ni nadra kuponya OCD nzito. Kwa ulimbikizaji hufungua mlango na kulinda usalama. Vyumba havitaondolewa vitu kwa mazungumzo peke yake.

*Upatikanaji.* Iko kila kijiji, na haihitaji fedha. Inataka kitu adimu kuliko fedha: familia nzima ikubaliane. Shangazi mmoja akiendelea kujibu yale maswali kwa siri, kazi ya wengine wote inapungua.

*Kinachoweza kuharibika.* Hofu hupanda mwanzoni kabla ya kushuka, na mgonjwa anaweza kukasirika sana. Kama ana mawazo ya kujiua au kuna vipigo ndani ya nyumba, msianze peke yenu.

*Inamfaa nani.* Familia inayoishi na mgonjwa anayekataa kliniki katakata, hasa wazazi wa kijana, na watoto wa mzee anayewaheshimu japo hakubaliani nao.

Njia ya pili: dawa

*Ridhaa.* Kidogo. Mtu hahitajiki kukiri kwamba mawazo yake ni ya uongo, anatakiwa tu akubali kumeza kidonge. Wengi wasiokubali neno "ugonjwa wa akili" hukubali kutibiwa usingizi, huzuni au uchovu. Ni haki kuanzia hapo, mradi daktari amweleze ukweli wa dawa.

Hapa nataka kusema jambo linaloniuma. Familia zingine husaga kidonge na kukichanganya kwenye uji. Kwa mtu anayeogopa sumu na uchafu, siku atakapogundua mtakuwa mmemthibitishia hofu yake: kweli chakula cha nyumba hii kimetiwa kitu. Kuanzia siku hiyo atapika mwenyewe au hatakula kabisa. Msifanye.

*Nguvu.* Kwa OCD dawa zinafanya kazi, hata kwa wenye utambuzi hafifu. Zinazotumika kwanza ni za jamii ya fluoksetini na setralini, na ile ya zamani, klomipramini, ambayo imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu mahsusi kwa OCD. Familia zinapaswa kujua mambo mawili. Kwanza, dozi ya OCD mara nyingi ni kubwa kuliko ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito: fluoksetini ya sonona huwa miligramu 20, ya OCD mara nyingi daktari huipandisha polepole hadi 40 au 60. Pili, majibu huchukua wiki 8 hadi 12. Wengi huacha wiki ya tatu wakisema imeshindwa.

La hatari zaidi ni daktari kuupa ugonjwa jina lisilo lake. Mtu anayeamini kwa asilimia mia kwamba ukuta una sumu anaweza kuandikiwa kuwa amepoteza uhalisia, apewe haloperidoli, dawa ya waliopoteza uhalisia, peke yake, na OCD ibaki pale pale huku mwili ukikakamaa. DSM-5 iliweka kiwango cha "hakuna utambuzi kabisa" ndani ya OCD kwa sababu hii: imani ikiwa ya nguvu kiasi hicho, ugonjwa bado ni OCD na tiba yake ya kwanza ni ya OCD. Dawa za jamii hiyo kama risperidoni huongezwa kwa dozi ndogo pale za kwanza zisipotosha. Basi mkifika kliniki, elezeni matendo yanayorudiwa na muda yanaochukua kwa siku. Msiseme tu "anaongea mambo ya ajabu".

Kwa ulimbikizaji ushahidi wa dawa ni mdogo. Zinasaidia zaidi kutibu sonona au wasiwasi unaoandamana nao.

*Upatikanaji.* Huduma katika hospitali za serikali hazina ada tangu 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Mbali na Butabika na Mulago, hospitali za rufaa za mikoa kama Arua, Gulu, Mbale, Mbarara na Fort Portal zina vitengo vya afya ya akili, na mara nyingi mtakayemwona kwanza ni ofisa tabibu wa magonjwa ya akili. Dawa huisha, na familia hulazimika kununua katika famasi. Fluoksetini ni rahisi kupatikana kuliko klomipramini. Famasi ikikupa amitriptilini "kwa sababu ni jamii moja", kataa na urudi kwa daktari. Haijathibitika kwa OCD.

*Kinachoweza kuharibika.* Tumbo, usingizi na hamu ya tendo la ndoa vinaweza kuvurugika. Klomipramini huhitaji uangalizi wa moyo, na vidonge vingi vikimezwa kwa pamoja huua, kwa hiyo mlezi azitunze. Kwa walio chini ya miaka 25, wiki za kwanza ziangaliwe kwa makini kwa ajili ya mawazo ya kujiua. Anayetumia dawa za kifafa au za VVU aseme mapema. Msikatishe ghafla.

*Inamfaa nani.* Mwenye OCD nzito asiyeweza kukaa kwenye mazungumzo, mwenye sonona juu yake, na anayeishi mbali na wataalamu wa tiba ya mazungumzo.

Njia ya tatu: mazoezi ya tiba na mtaalamu

*Ridhaa.* Kubwa kuliko zote. Kwa OCD mgonjwa hukabilishwa na hofu yake kwa hatua, kisha huzuiliwa asifanye tendo la kuituliza: anashika kitasa cha mlango, hanawi, anasubiri hofu ishuke yenyewe. Victor Meyer alieleza tiba hii London mwaka 1966. Anayeamini kweli kwamba kitasa kitaua wanawe ana sababu ya kukataa. Mtaalamu mzuri hatabishana naye. Atamwomba ajaribu jambo dogo na waone pamoja. Haihitajiki imani kamili, inatosha mlango wa "labda".

*Nguvu.* Kwa OCD ndiyo tiba yenye ushahidi mzito. Katika utafiti wa Edna Foa na wenzake wa 2005, waliopata nafuu walikuwa 62 kwa kila 100 kwa mazoezi, 42 kwa klomipramini, 70 kwa vyote viwili pamoja, na 8 kwa kidonge kisicho na dawa. Mwenye utambuzi hafifu huwa mgumu zaidi kuanza na huacha kwa urahisi, ndiyo maana wengi huanzia dawa kisha wakaja hapa utambuzi ukiamka.

Kwa ulimbikizaji kuna tiba ya aina yake iliyojengwa na Gail Steketee na Randy Frost: kupanga, kuamua, kupunguza kuokota, sehemu ya vikao ikifanyika nyumbani kwenye vitu vyenyewe. Huchukua miezi. Nafuu ipo, lakini wengi hubaki na kiasi cha tatizo, na familia ijiandae kwa hilo.

*Upatikanaji.* Hapa ndipo tunapobanwa. Wanasaikolojia wa kliniki wapo wachache, wengi Kampala, na si kila mshauri nasaha amefunzwa mazoezi haya. Kabla ya kupanda basi kutoka Nile Magharibi, piga simu uulize: "Umewahi kumtibu mtu wa OCD kwa kumkabilisha na hofu yake bila kumruhusu anawe?" Akikujibu kwamba atamfundisha kupumua na kutulia tu, tafuta mwingine. Uliza na lugha. Mgonjwa anayeota na kuomba dua kwa Kiswahili hawezi kueleza aibu yake kwa Kiingereza cha kuungaunga.

*Kinachoweza kuharibika.* Kidogo, mtaalamu akiwa mjuzi. Asiye mjuzi humsukuma mgonjwa haraka, anakimbia, na hatarudi kwa yeyote.

*Inamfaa nani.* Mwenye OCD anayekiri walau saa nyingine kwamba amezidisha, vijana, wajawazito wanaotaka kuepuka dawa, na mlimbikizaji aliyeanza kusema mwenyewe kwamba nyumba imemshinda.

Hapa ndipo mahali pa sheikh na padri. Waislamu tunalijua neno la wasiwasi wa udhu: mtu anatawadha mara kumi, swala inampita. Wapo Wakristo wanaoungama dhambi ile ile kila siku. Kwa wagonjwa hawa daktari hana sauti kama ya kiongozi wa dini. Imamu anayemkumbusha kanuni ya fiqhi kwamba yakini haiondolewi na shaka, na akamwambia tawadha mara moja na usirudie, anasema karibu yale yale ambayo mtaalamu angeyasema. Shida huja akigeuka kuwa mahali pa kuulizwa "je, udhu wangu ulisihi?" kila alfajiri. Ongeeni naye kabla, akubali kujibu mara moja tu. Na kama ibada inayopendekezwa ni kufunga kamba, kupiga au kuacha dawa, ondokeni.

Njia ya nne: kuingilia kwa nguvu

*Ridhaa.* Hakuna. Ni kumlaza hospitalini asipotaka, au kuisafisha nyumba akiwa hayupo.

*Nguvu.* Kulaza kunaweza kuokoa maisha, na kunaanzisha dawa kwa aliyekuwa hali wala hanywi kwa hofu ya uchafu. Hakumpi mtu utambuzi. Kusafisha kwa ghafla ni hadithi nyingine: lori linakuja, vijana wanabeba, majirani wanatazama, na mzee anarudi kutoka msikitini akute uwanja mtupu. Kwa muda usio mrefu nyumba hujaa tena, safari hii kwa mlango uliofungwa kwa kufuli jipya. Ugonjwa haukuwa kwenye magunia.

Hata hivyo sitawaambia familia zisubiri milele. Sigiri inayowashwa katikati ya karatasi na nguo ni moto unaosubiri siku, na chumba kilichozibwa hukusanya hewa ya sumu ya makaa. Panya nao si mchezo: Arua na Zombo zina historia ya tauni, inayoenezwa na viroboto vya panya. Hapo kuna njia ya kati. Badala ya kusafisha nyumba, safisheni hatari: njia ya kutoka kitandani hadi mlangoni, sigiri ihamie nje, vyakula viwekwe kwenye ndoo zenye vifuniko, dirisha moja lifunguke. Mwambieni kabla, awepo, na kila kinachosogezwa abaki na neno juu yake. Vingine acheni.

*Upatikanaji.* Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, iliyoiondoa sheria ya zamani ya enzi ya ukoloni, inaruhusu kulazwa bila hiari na kwa dharura, kwa tathmini ya wahudumu wa afya. Haimpi ndugu ruhusa ya kumfunga mtu kamba na kumleta, na kukataa dawa peke yake si dharura. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anaweza kusaidia pale majirani wanapolalamika au wapangaji wengine wako hatarini. Mwendeeni kama mpatanishi kabla jambo halijafika polisi.

*Kinachoweza kuharibika.* Imani, na mara nyingine kila kitu. Aliyevamiwa nyumba yake anaweza kuingia sonona kali. Mkilazimika, apangwe mapema mtu mmoja ambaye hakushiriki, mgonjwa abaki na wa kumlilia.

*Inamfaa nani.* Anayekaribia kufa, kujiua au kuumiza wengine, na nyumba yenye watoto wadogo ndani ya hatari ya wazi.

Kwa hali yako

Kama ni kijana mwenye OCD, anasoma, na anakubali siku nyingine kwamba anazidisha, nendeni moja kwa moja kwenye mazoezi ikiwa mnaweza kufika, huku nyumbani mkipunguza kuutumikia ugonjwa. Mkiwa mbali na Kampala, anzeni na kitengo cha hospitali ya rufaa ya mkoa kwa dawa, na mfanye ya nyumbani wakati mkisubiri zile wiki 12.

Kama ni mtu mzima mwenye OCD asiyekubali lolote, na hofu yake ni ya dini, kiongozi wa dini anayemheshimu awe mlango, dawa zifuate. Hofu ikiwa ya uchafu au sumu, tafuteni anacholalamikia yeye mwenyewe, usingizi au mikono inayouma, mumpeleke kwa hicho. Mikono iliyopasuka ni sababu halali ya kumwona daktari, na daktari akijulishwa kabla kwa simu atajua la kuuliza.

Mzee anayelimbikiza akiwa peke yake, bila moto wala watoto ndani, msikimbilie vidonge wala lori. Mwaka wa kwanza ni wa mazungumzo, kuondoa hatari na kutembelewa mara kwa mara na mtu mmoja anayempenda. Akiwa na sonona, itibiwe. Akiwa na dalili za kusahau, achunguzwe.

Kama ndani ya vitu hivyo wanalala wajukuu, ongezeni kasi: watoto walale kwingine leo, hata kwa jirani, kisha mrudi kwa mzee kwa utaratibu wa kuondoa hatari. Kumtenga mtoto na hatari hakuhitaji idhini ya aliyelimbikiza, na ni rahisi kuliko kumlazimisha yeye.

Akisema anataka kufa, au amekataa kula na kunywa, acheni ulinganisho wote huu. Hospitali iliyo karibu, usiku huo huo.

Na kama bado ni kaka anayetaka Butabika, dada anayetaka sheikh na mama anayetaka aachwe, kubalianeni juu ya jambo moja dogo la njia ya kwanza mlifanye wote kwa mwezi mmoja, mmoja wenu akiandika kwenye daftari kila jioni: amenawa kwa muda gani, amelala wapi, ameuliza mara ngapi, amesema nini alipokuwa ametulia. Daftari hilo ndilo mtakalolibeba kliniki, na maneno yake ya saa za utulivu yasomeni kwanza, kabla ya malalamiko yenu.